Viza ya Isao

Kunigami, kisiwa cha Okinoerabu
12 Februari 1939

Kwa mdogo wangu Zenkichi,

Habari za New York na baridi yake. Huku kwetu ni upepo tu. Mayungiyungi yameshatoa mashina na yamesimama vizuri nyuma ya ukuta wa mawe. Shangazi Nabe bado yu hai, na bado anasema atakufa mwaka huu kama anavyosema kila mwaka. Ng'ombe wa jirani Kame amezaa. Nimefagia kaburi la baba na la mume wangu Tokuzo. Mkeo hajambo? Nimesahau, huna mke. Mtu mzima na mvi zako, unauza maua huko kila Pasaka na hata la kumpa mwanamke hujapata.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini. Isao wangu ana miaka kumi na tisa. Shule amemaliza, na matunguu ya yungiyungi anayajua kuliko mimi. Akilishika tunguu mkononi anakwambia hili lina uozo ndani, na ukilikata unakuta kweli. Nataka umchukue huko awe karani wako. Upepo wa huku haumfai kifua chake.

Mwakani anatimiza ishirini. Sitaandika zaidi ya hapo. Barua siku hizi zinapita mikono mingi, na wewe pia uliwahi kutimiza ishirini ukajua nani anakuja kukuita.

Usinijibu kwa maneno ya adabu. Sema ndiyo au hapana.

Dada yako,
Matsue


New York
18 Aprili 1939

Dada Matsue,

Ndiyo.

Nimeanza na hilo ili usiniseme. Sasa nakusalimu wewe, Isao, Shangazi Nabe, na Kame na ndama wake. Mimi mzima. Pasaka imepita juma lililopita, na mayungiyungi yetu yalikuwa makanisani kila upande. Bwana Brubaker, yule mkulima wa Pennsylvania niliyekuandikia habari zake, aliyachanulisha kwenye nyumba zake za vioo bila kupoteza hata sanduku moja. Ananiuliza kila mara, "Huyo dada yako anayalisha nini?" Namwambia, anayagombeza.

Habari ya kifua cha Isao imenisikitisha, maana nikiwa huko mara ya mwisho alikuwa akipiga mbizi bandarini Wadomari mpaka wenzake wanadhani amekufa. Lakini nimekuelewa.

Sikiliza vizuri. Sheria ya huku imefungia mtu wa kwetu milango yote isipokuwa mmoja mwembamba. Nchi yetu na Amerika zina mkataba wa biashara, na mfanyabiashara anayepeleka bidhaa kati ya nchi hizi mbili hupewa viza ya muda. Anaruhusiwa yeye na mtu wake wa kazi za uangalizi. Kibarua haruhusiwi. Isao aende kwa konsuli wa Amerika aliyeko Kobe akaseme kwamba ni mkaguzi wa matunguu, msaidizi wangu wa kuongea na wanunuzi. Asiseme anafunga masanduku. Wakimwuliza kama atarudi nyumbani, aseme atarudi, viza yake ikiisha au biashara ikiisha. Mimi nimesema hivyo kila mwaka kwa miaka kumi na minne. Humu nchini mimi ni mtu wa muda. Nina sufuria, nina kitanda, nina mti wa plamu kwenye pipa dirishani, na bado ni mtu wa muda.

Barua ya kumteua nitaituma mara tu wakili akimaliza. Mfundishe maneno.

Mdogo wako,
Zenkichi


Kunigami
6 Julai 1939

Mdogo wangu Zenkichi,

Joto limetushika. Tumechimba shamba lote na kifua changu mimi ndicho kinachouma sasa, sio cha Isao. Matunguu ni mazuri, yamekauka kivulini, na Isao ameyapanga kwenye maranda mwenyewe, sanduku kwa sanduku, bila kuniachia hata moja nifunge. Yameondoka na meli ya juzi kwenda Yokohama. Shangazi Nabe anakusalimu na anasema hamtaonana tena.

Maneno namfundisha tukiwa shambani. Namwuliza kama mimi ndiye konsuli.

"Wewe kazi yako nini?"

"Mkaguzi wa matunguu ya yungiyungi, mheshimiwa."

"Utarudi lini?"

"Biashara ikiisha, mheshimiwa."

Halafu anacheka, anasema, "Mama, huyo konsuli atakuwa na jembe mkononi kama wewe?"

Lakini jana hakucheka. Tulikuwa tumetoka kuteka maji kwenye chemchemi ya pangoni, yeye amebeba ndoo zote mbili. Mtoto wa Ushi wa kule chini aliondoka juzi kwenda jeshini na bendera, kijiji kizima kilikwenda bandarini kuimba. Isao akaniambia, "Mama, wote niliosoma nao wanakwenda. Mimi nitawaambia nini? Nakwenda Amerika kuuza maua?"

Nikamwambia, "Waambie mjomba wako ni mgonjwa na anakuhitaji."

"Mjomba ni mgonjwa?"

"Hana mke. Huo si ugonjwa?"

Akaweka ndoo chini, akaniangalia, akazibeba tena. 

Tuma hiyo barua ya kumteua. Wakili wako anaandika kwa kidole gani?

Matsue


New York
28 Julai 1939

Dada,

Naandika kwa haraka, samahani kwa salamu fupi. Mimi mzima, nyote nawasalimu.

Juzi serikali ya huku imetangaza kuuvunja mkataba wa biashara na nchi yetu. Sababu ni vita vya China. Mkataba utaendelea kuishi miezi sita tu, mpaka mwishoni mwa Januari. Baada ya hapo hakuna mfanyabiashara wa mkataba, kwa kuwa mkataba wenyewe haupo. Sisi tuliomo hatujui tutafanywaje. Lakini aliye nje atabaki nje.

Barua ya kumteua imo ndani ya bahasha hii. Ikikufika, Isao asingoje kupanda mashamba. Asingoje sikukuu wala kimbunga kipite. Apande meli ya kwanza kwenda Kobe.

Biashara yangu ni nzuri. Wanunuzi wananiuliza msaidizi wangu anakuja lini.

Zenkichi


Kunigami
9 Novemba 1939

Mdogo wangu Zenkichi,

Natumaini baridi haijakuumiza magoti. Huku tumepata kimbunga mwezi wa tisa kilichong'oa paa la ghala, nasi tukakaa siku nyingi bila meli, ndiyo maana barua yako ilichelewa. Paa limerudi. Shangazi Nabe alipigwa na ubao begani na hakufa, na jambo hilo limemkasirisha.

Isao alikwenda Kobe mwanzoni mwa mwezi wa kumi, amevaa suti ya baba yake niliyoipunguza. Konsuli amemnyima viza. Isao anasema maelezo yake hayakutosha, na kwamba Wamarekani hawataki tena kutoa karatasi wakati mkataba umebakiza miezi michache. Nilimwuliza, "Walikuuliza nini?" Akasema, "Yale yale uliyonifundisha." Nikamwuliza, "Ukajibu nini?" Akasema amechoka na safari, akaenda kuangalia ghala.

Kama unamjua mtu, mwone. Kama kuna karatasi nyingine ya kutuma, itume. Januari haijafika.

Ameanza kupanda. Amepanda mpaka kile kipande cha juu ambacho baba yake hakuwahi kukilima.

Matsue


New York
30 Januari 1940

Dada Matsue,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Natumaini bega la Shangazi limepoa.

Barua yako ilinifika siku za mwisho za Desemba. Nilikwenda kwa wakili siku hiyo hiyo, na kesho yake tena. Alituma simu ya maandishi kwa konsuli wa Kobe. Hakujibiwa. Nilimwomba Bwana Brubaker aandike kwamba anamhitaji Isao kwa ukaguzi, naye akaandika kwa mkono wake, akaweka na picha ya nyumba zake za vioo. Sijui ilifika wapi.

Ijumaa iliyopita mkataba umekufa. Niliamka nikidhani nitasikia jambo fulani. Theluji ilikuwa inaanguka, mtu wa maziwa alipita, redio ilisema habari hiyo kwa sentensi moja kisha ikapiga muziki. Baadaye nilikwenda ofisi ya uhamiaji. Sitafukuzwa, angalau sasa. Nitapewa ruhusa ya miezi michache, nikiomba tena, miezi michache tena, mradi bado ninafanya biashara. Yule ofisa ananijua sasa ni miaka. Hakuweza kuniangalia usoni. Aliniambia, "Bwana Oki, usinunue fanicha."

Nina hasira na konsuli wako. Mtoto mwenye barua ya kazi, mwenye mjomba anayefanya biashara halali, atanyimwaje? Mwulize tena Isao alisema nini. Nataka neno kwa neno. Mtu anaweza kukata rufaa akijua alipokosea.

Zenkichi


Kunigami
20 Juni 1940

Mdogo wangu Zenkichi,

Salamu nyingi. Mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi, nyingine zimeozesha matunguu kwenye mabonde, lakini ya juu yamepona. Nimeanza kuchimba. Kame ananisaidia asubuhi na mimi namsaidia jioni. Shangazi Nabe anachambua madogo kutoka makubwa, akiwa ameketi. Serikali ya kijiji inasema viazi vipandwe zaidi na maua yapunguzwe. Nimewasikia.

Nitakutumia masanduku machache kuliko mwaka jana. Mwambie Brubaker asilalamike.

Sukari guru nimekutumia ndani ya sanduku la kwanza. Usiwape Wamarekani.

Matsue


New York
25 Agosti 1940

Dada,

Sukari imefika. Asante sana. Nimekula kipande kila jioni kama mtoto.

Umeniandikia habari za mvua, za Kame, za Shangazi, za viazi na za Brubaker. Jina la Isao halimo. Masanduku yamefungwa kwa mkono mwingine. Maranda yamemwagwa tu.

Yuko wapi?

Na mimi nikwambie nililokuficha, ili tuwe sawa. Biashara yangu haikuwa nzuri hata nilipoandika kwamba ni nzuri. Wanunuzi wangu karibu wote wameondoka. Wengine wamesimama na mabango mbele ya maduka yanayouza bidhaa zetu, kwa ajili ya China, na sijui niwajibu nini kwa sababu nimeona picha za magazetini wanazoziona wao. Amebaki Brubaker na mkulima mmoja mwingine. Nyumba niliiacha zamani. Nalala ofisini, nyuma ya kabati. Kama Isao angekuja angelala hapo nami. Niliona ni heri alale nyuma ya kabati kuliko pale nilipokuwa nikipaogopa. Kwa hiyo nilikudanganya, na ningekudanganya tena.

Zenkichi


Kunigami
3 Desemba 1940

Zenkichi,

Barua hii anaibeba mtoto wa Kame, yule mpishi wa meli. Ataitia posta huko San Francisco. Kwa hiyo naandika bila kuzunguka. Salamu utazipata mwisho, nikiwa na nguvu.

Isao amekufa. Ni huko China, mwezi wa tisa, kwenye mto ambao jina lake nimeandikiwa na siwezi kulisoma. Habari ilifika mwezi wa kumi na moja. Kisanduku cha majivu yake kilikuja juma lililopita. Ni chepesi, Zenkichi. Nimewahi kufunga masanduku mazito zaidi ya matunguu mabovu. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono akasema, "Mama Isao, sema ni heshima." Nikasema ni heshima. Nilisema vizuri, kila mtu akasikia.

Ulitaka neno kwa neno. Mimi pia nilitaka, nikalipata Aprili mwaka huu, siku ile alipokuja shambani na nguo safi. Nilikuwa napalilia. Akaniambia amejiandikisha mwenyewe, hakungoja kuitwa, na anaondoka kesho kutwa.

Nikamwambia, "Umesema nini?"

Akarudia.

Nikasema, "Mjomba wako bado anahangaika na karatasi. Wakili ameandika. Mzungu mwenye nyumba za vioo ameandika."

Akachuchumaa mbele yangu kwenye mfereji, na nguo zake safi. "Mama, usimsumbue Mjomba. Konsuli hakuninyima. Nilijinyima."

"Vipi?"

"Aliniuliza kazi yangu. Nikasema nafunga matunguu kwenye masanduku. Akauliza, wewe si mkaguzi? Barua inasema mkaguzi. Nikasema hapana, mheshimiwa, nafunga tu. Akaniuliza mara mbili, Mama. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ananipa nafasi. Mara ya pili akaniuliza polepole, na mkalimani akarudia polepole. Nikasema, nafunga masanduku."

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimempiga tangu akiwa na miaka sita. Hakuondoa uso.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Yule Tame, mtoto wa Ushi aliyeondoka na bendera, ameshakufa. Ningekula huko kwa Mjomba nikijua mama yake Tame anakuona wewe kila siku pangoni kwenye maji, na wewe una mtoto?"

Basi. Hilo ndilo neno kwa neno. Nilimfulia soksi, nikampikia viazi na nyama ya nguruwe, nikamsindikiza Wadomari na bendera, nikaimba. Nilimlaumu konsuli, nikakulaumu wewe na wakili wako, nikalaumu kimbunga, nikaulaumu mkataba. Nikitoka kwa mmoja nakwenda kwa mwingine. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani nisipokuandikia bado kuna mtu mmoja duniani anayedhani Isao yuko shambani.

Mama yake Tame alikuja.  Alichukua ndoo zangu akaniletea maji, na mpaka leo analeta. Sasa namwelewa mtoto wangu kidogo, na simsamehe.

Wewe usirudi. Sikuandikii kwa adabu. Huku wanachukua hata wenye mvi. Kaa nyuma ya kabati lako. Nataka mmoja wa nyumba yetu awe mahali ambapo sitaletewa kisanduku chake.

Shangazi Nabe anakusalimu. Hasemi tena kwamba atakufa.

Matsue


New York
10 Aprili 1941

Dada yangu Matsue,

Barua yako ilifika Februari. Nimeanza jibu mara nyingi.

Nilifunga ofisi, nikapanda treni mpaka kwa Brubaker, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda ambapo mtu anajua jina la kisiwa chetu. Nilimwambia mkaguzi wangu amekufa vitani. Mzee hakuuliza vita gani, wala upande gani. Alivaa koti, akanipeleka kwenye nyumba ya vioo ya mwisho, ambako matunguu yako ya mwaka jana yalikuwa yanaanza kutoa matumba. Akaniacha humo na joto lile, akafunga mlango. Nililia mpaka nikatosheka. Baadaye mkewe alinipa supu.

Ameniambia nikae kwake. "Utanisaidia kwenye mabomba na kupanga vyungu. Nani atajua?" Nilimshukuru. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwa yule ofisa wa uhamiaji, na akaniuliza, "Bwana Oki, mwaka huu unaleta bidhaa gani kutoka kwenu?" Nikamwambia ukweli, hakuna. Meli zimepungua na wanunuzi hawapo. Akasema, "Basi siwezi kukuandika mfanyabiashara." Akaniuliza kama nina kazi nyingine. Ningeweza kumwambia kitu. Alishika kalamu yake akingoja nimwambie kitu.

Nikamwambia nataka kuondoka. Amenipa mpaka mwisho wa Juni.

Najua ulivyoniambia. Nimeisoma sentensi hiyo kuliko nyingine zote. Lakini siwezi kujificha kwenye vyungu vya Brubaker nikila supu ya mkewe, na wewe unachimba peke yako. Sina ushujaa, Dada. Siendi kumtafuta mtu wa kupigana naye, na wakiniita nitakwenda nikiburuta miguu. Narudi tu nyumbani. Nitapanda meli San Francisco mwanzoni mwa Juni, nishuke Yokohama, nipite Kagoshima. Kama una neno, liandike kwa nyumba ya wageni ya Mama Fukuda karibu na bandari ya Kagoshima, ile tuliyolala na baba.

Jumapili hii ni Pasaka. Brubaker ameuza yote.

Zenkichi


Kunigami
11 Juni 1941

Kwa Zenkichi, kwa mkono wa Mama Fukuda, Kagoshima

Mdogo wangu,

Natumaini bahari haikukutapisha kama zamani. Sisi wazima. Joto limeanza, Shangazi Nabe anauliza kila meli.

Hapo Kagoshima wakikuuliza kwa nini umerudi, sema umefukuzwa. Hiyo wataipenda. Usiseme kwamba ofisa alikuwa mwema, wala habari za supu. Vaa nguo za kawaida. Suti ya Amerika iweke chini kabisa ya mzigo.

Ukifika nyumbani usinipe pole mlangoni. Nimepewa na kila mtu mpaka zimenijaa nyumba. Ingia, osha miguu, ule. Halafu tutakwenda pamoja kaburini kwa Isao, utamwambia mwenyewe unachotaka kumwambia. Mimi nimeshamwambia mengi na mengine ni ya matusi.

Hakuna mnunuzi, najua. Viazi tumepanda kama tulivyoamriwa. Lakini kile kipande cha juu alichokifungua yeye nimekiacha na mayungiyungi, na mtu wa serikali hapendi kupanda mlima. Tunguu lisipochimbwa likapandwa upya, linajisonga na kuoza. Kwa hiyo tutachimba, tutapanda, hata kama ni ya kuangalia tu.

Nilimwomba mmoja aondoke, akakataa. Nikamwomba mwingine asirudi, anarudi. Katika ukoo huu mimi ni wa kunisikiliza kama redio, mnazungusha kitufe mnapotaka.

Basi njoo. Jembe la Isao mpini wake ulikuwa mfupi kwako, nimempelekea mhunzi ameweka mwingine.

Dada yako,
Matsue